Kitovu Pembeni

Kila aliyetimiza miaka sitini alikerezewa sahani ya mninga yenye mchirizi uliojizungusha kama gamba la konokono, kutoka ukingoni hadi kitovuni. Kila mwaka karani wa mtaa alipaka rangi mzunguko mmoja. Rangi ikifika kitovuni, mwenye sahani alichukuliwa, asionekane tena.

Bi Chausiku alikerezewa yake na mwanawe mwenyewe, Mbaruku. Sahani za majirani zilikuwa na kitovu katikati, mizunguko imebanana. Yake kitovu kilikaa pembeni, na mizunguko mipana ilijikunja kwa madaha. Aliitembeza mtaa mzima.

"Nyie mmezaa watoto," aliwatambia, "mimi nimezaa fundi!"

Karani alipokuja na brashi, Bi Chausiku aliufuata mchirizi kwa kidole. Kikazunguka mara moja, mara ya pili, kikatumbukia kitovuni.

"Mwanangu, mbona mchirizi umekwisha?"

"Urembo unataka nafasi, mama," alijibu Mbaruku, macho chini.

Chumbani kwa Bi Chausiku mkewe Mbaruku akaita, "Baba Riziki, njoo unishikie futi! Kitanda cha watoto kitaenea hapa?"

Karani akachovya brashi, akamwambia Bi Chausiku:

"Ishike vizuri, mama, isitikisike."