Mbao za Kigen

Mlangoni kila aliyeingia aliulizwa swali moja: umebeba mbao yako?

Walikuwa wamebeba. Vipande vya kreti, mguu wa kiti, mwiko wa ugali. Mmoja alikuja na ubao wa kukatia nyanya, na wenzake wakamcheka. "Buda, umekuja shoo ama umekuja kupika?" Sebule ya Mbugua, mwandalizi wa shoo, kule Milimani ilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Nje mvua ya Julai ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, kwa hiyo mlango mzito wa mbele ukafungwa kwa komeo.

Jerop alikaa kando ya spika. Hakuvua koti.

Bendi yake, Kutu, ilitoa albamu tatu, lakini mashabiki hawa walipenda ile ya kwanza tu, *Stoo*. Ilirekodiwa kwenye stoo ya viazi huko Kuresoi, kwa jenereta na maiki za kuazima. Ilikwaruza, na waliipenda kwa sababu ilikwaruza. Walijua mahali mvua inapoanza kupiga mabati. Walijua mahali Sitati anapokosea gitaa na kujitukana kwa sauti ya chini. Walimjua hata kuku anayeingia katikati ya wimbo wa tatu, akilalamika.

"Huyo kuku ndiye alinifanya nipende huu muziki wa grunge," alisema Cheruto, msichana wa chuo. "Studio wangemtoa."

"Na sisi tulimtoa nje," Sitati akajibu. "Halafu nikaweka komeo kwenye mlango wa stoo. Tukianza kurekodi, hakuna kufungua hadi wimbo uishe. Hata aje chifu."

Wakacheka. Jerop hakucheka.

Lakini mbao walibeba kwa ajili ya wimbo wa mwisho, "Baridi", uliorekodiwa haraka mafuta ya jenereta yakielekea kuisha. Hauna ngoma. Kuna gitaa, sauti ya Jerop, na mapigo ya mbao: matatu, kimya, matatu, kisha mengi kwa nguvu, kisha yanalegea hadi yanapotea. Aliyegonga ni Kigen, mpiga ngoma wa Kutu, mdogo wake Jerop. Pumu ilimchukua siku hiyo hiyo, kabla gari halijafika hospitali ya Molo.

Albamu ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio alimuuliza Jerop ni nani anayegonga. "Ni Kigen," akajibu. Mengine mashabiki waliyajaza wenyewe: kwamba aliziacha ngoma makusudi, akapindua kreti tupu, akaigonga kwa ngumi. Kwamba alijua anaaga.

Sasa Mbugua alitaka kuitoa *Stoo* upya, kwenye santuri. Jerop alikuwa amekuja kuomba jambo moja.

"Mbugua, kwenye hiyo santuri, toa mapigo ya 'Baridi'. Acha gitaa na sauti."

"Nimtoe Kigen?" Mbugua alidhani hakusikia vizuri. "Aki Jerop, hiyo ndiyo albamu yenyewe. Uchukue hayo mapigo, ubaki na nini?"

"Ni mdogo wangu. Naomba."

"Ni wetu pia," mtu akasema kutoka sakafuni. Alisema kwa upole, na ule upole ndio uliomchoma Jerop.

Cheruto akamsogelea. "Siz, unajua huo wimbo hunimaliza wapi? Pale anagonga kwa nguvu, na wewe badala ya kupunguza, unapaza sauti juu yake. Ni kama mnashindana. Mlikuwa mnaangaliana?"

"Hapana," Jerop akasema. "Sikumwangalia."

Alitoa mkono mfukoni ajipanguse uso, kitu kikaanguka. Cheruto akakiokota. Ilikuwa inhela ya zamani, plastiki yake ya buluu imepauka.

"Kumbe pia wewe uko na pumu?"

"Ni yake."

"Woi. Hakuwa nayo siku hiyo?"

"Ilikuwa ndani, juu ya amplifaya."

Sitati akainamia gitaa lake, akakaza waya ambao haukuwa umelegea.

Mbugua alimtazama Jerop, akatazama watu wake, akakuna kichwa. "Tufanye hivi. Imba 'Baridi' na sisi, mara moja tu. Sisi tukugongee. Ukimaliza na bado unataka yatoke, nitayatoa. Neno langu."

Jerop akasimama. Akachukua maiki.

Sitati akaanza, ile sauti chafu ya gitaa ikajaa sebuleni kama moshi. Jerop akaimba ubeti wa kwanza. Mbao zikaingia mahali pake: tatu, kimya, tatu. Hakuna aliyechelewa. Walikuwa wamezisikiliza kwenye simu zao, kwenye mabweni, wakiosha vyombo, mpaka zikawa zao. Baadhi walikuwa wamefumba macho. Cheruto alikuwa analia na kutabasamu.

Kisha wakafika pale pa nguvu. Mbao zote zikagongwa kwa pamoja, haraka, bila mpango, vikombe vikatetemeka kabatini. Hapo ndipo mahali pa Jerop pa kupaza sauti. Wakamngoja.

Jerop akanyamaza. Akaiweka maiki chini. Akaichukua inhela mkononi mwa Cheruto, akapita katikati yao, akiruka miguu ya watu, hadi kwenye mlango wa mbele. Nyuma yake mbao zililegea moja baada ya nyingine, kama kwenye albamu.

Akavuta komeo. Akaufungua mlango wote, baridi ikaingia, akanyoosha inhela nje kwenye mvua.

"Ingia, Kigen," akasema. "Nilikuwa nakusikia."