Habari za Ngamia

Gari la hospitali nililiacha mbali, nyuma ya migunga, nikatembea hadi kwa mzee. Bintiye Sabrin tulikuwa tumempeleka Wajir jana kujifungua.

Nilimuuliza habari za mvua, nikauliza za malisho, kisha nikawasifu ngamia wake mmoja mmoja. Alinisikiliza kwa adabu. Nzi alikuwa akizama katika maziwa aliyonipa, na sikumtoa.

"Daktari," alisema hatimaye, "ngamia yangu yote umesifu. Sabrin hujataja."

Aliinuka, akachukua sepetu, akaipima ncha kwa kidole gumba.

"Kaburi moja," aliuliza, "ama mbili?"

Niliyatazama mawe miguuni pangu.

"Ardhi ya hapa ni ngumu, mzee," nikasema. "Lile dogo nitachimba mimi."