Taa Ndani ya Gari la Marehemu

Mbwana alifunga mlango wa gereji ili giza limsaidie kuzipima taa. Kutwa nzima, milango ya gari ikiwa wazi, alikuwa akibandika utepe wa taa za bluu kandokando ya vioo na kuficha nyaya chini ya zulia. Gari lilikuwa la marehemu kaka yake. Kaka alipitiwa na usingizi humo ndani injini ikiunguruma, moshi ukamuua bila yeye kujua. Ndivyo alivyosema mkewe, Rukaiya, aliyemkuta.

"Liache hilo gari, shemeji," Rukaiya alimwambia asubuhi kupitia dirishani, maana yumo edani, hatoki nje. "Hata arobaini haijafika."

"Naweka taa tu, shemeji. Kaka alizitamani sana."

Sasa Mbwana aliketi kiti cha nyuma, akajifungia, akabonyeza swichi. Mwanga ukapanda kwenye vioo, na vioo vilivyoonekana safi mchana vikaanza kuonyesha alama. Viganja. Vidole vilivyoburutwa kutoka juu hadi chini, tena na tena, kwenye kila kioo. Aligusa alama moja, ikafutika kidogo. Zilikuwa za upande wa ndani.

Mlango wa gereji ukafunguka. Rukaiya alisimama pale na mavazi yake ya eda, mkononi ana ndoo na kitambaa kibichi.

"Zimependeza, shemeji," alisema kwa upole, akaurudishia mlango nyuma yake. "Nimekuja kufuta vioo."

Mbwana akavuta kitasa cha mlango wa gari, haukufunguka. Akavuta tena. Kitambaa kilikuwa kikidondosha maji sakafuni.