Doa Kwenye Bangili ya Mama

Sonara alipomaliza kuunga bangili ya marehemu mkewe na kuing'arisha, doa la kijivu likajitokeza karibu na kiungo. Akasugua, wapi! Moto ulishaingia ndani ya fedha.

"Baba, hukupaka uji wa boraksi wa kuzuia doa la moto kabla ya kuichoma?" binti yake aliuliza.

"Miaka yote alipaka mama yako. Mimi kazi yangu ilikuwa moto tu."

"Basi lipige tupa litoke, niivae harusini."

Doa lilikuwa limekalia neno moja, ambalo mkewe alilikwaruza kwa sindano siku waliyogombana: Mbishi.

Sonara akaiweka tupa juu ya neno. Akaiondoa.

"Ivae hivyo hivyo, mwanangu. Wakiuliza, sema baba yako fundi mbovu."