Jedwali la Watoto wa Moyo

Matano Boga alibonyeza kichwa cha safu ya umri, na watoto thelathini wakajipanga upya kwenye kioo cha kompyuta, wadogo juu, wakubwa chini. Akabonyeza uzito, wakajipanga tena. Akabonyeza oksijeni, wakapanda na kushuka. Mmoja tu hakusogea. Huyo alibaki juu kabisa kila mara, naye alikuwa Dhahabu, binti yake Matano.

Akageuka kutazama mlango. Hakukuwa na mtu. Sista Margaret, muuguzi mkuu, alikuwa nje akipima watoto.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na zahanati ile ya Likoni ilikuwa na kompyuta moja na karani mmoja aliyeielewa, Matano mwenyewe. Madaktari wa ng'ambo walikuwa wameahidi kuwapasua bure watoto wenye maradhi ya moyo, ila walitaka kwanza kuwaona kwenye mtandao, katika jedwali ambalo daktari akibonyeza kichwa cha safu, mistari inajipanga yenyewe. Alijifunza JavaScript, lugha ya kuamuru kurasa za mtandao, kwa kitabu cha kuazima, miezi miwili mizima, akaliandika jedwali lote kwa mkono wake bila kutumia programu ya mtu mwingine. Alisifiwa mpaka akaona haya.

Madaktari walisema watabonyeza safu ya oksijeni, mwenye oksijeni haba zaidi aje juu, kisha wahesabu kutoka hapo. Nafasi sita zilikuwa za hakika. Zikipatikana zaidi, wangeongeza. Dhahabu alikuwa wa tisa. Wa sita alikuwa Nguma, mtoto wa Kafedha, yule mama aliyeuza viazi karai mbele ya lango la zahanati.

Siku tatu Matano alizitazama nambari hizo, usingizi ukampaa. Siku ya nne akaongeza amri fupi ndani ya jedwali: jina hili, pabonyezwe popote, libaki juu. Ilimchukua dakika tano tu. Nguma akawa wa saba.

Asubuhi ya pili Kafedha alimfungia viazi kwenye gazeti.

"Baba Dhahabu, chukua."

"La, Mama Nguma. Leo nimeshiba."

"Umeshiba nini asubuhi yote hii? Chukua, bwana. Sista ameniambia, kama si wewe wale madaktari wasingewajua watoto wetu. Mungu akuweke."

Alichukua, angefanyaje? Alivila amesimama nyuma ya tangi la maji. Alijiona mwizi, tena mwizi anayelishwa na aliyemwibia.

Akaingia ndani moja kwa moja kuifuta ile amri. Wallahi alikuwa na nia. Alifungua faili, akaufikia mstari wenyewe, kidole kikawa juu ya kibonyezo. Ndipo akamwona Dhahabu dirishani, anakuja kutoka skuli kabla ya wakati. Mtoto alitembea hatua kumi, akachuchumaa kutafuta pumzi, midomo imegeuka buluu. Akainuka, akatembea hatua kumi nyingine.

"Dhahabu!"

"Abee, baba."

Hata kuitika kulimchosha. Matano akaifunga faili vilevile ilivyokuwa.

Kwa wiki mbili alipita mlango wa nyuma ili asikutane na Kafedha. Kuswali aliswali, lakini dua ya kumwombea binti yake hakuweza kuimaliza. Akifika katikati, Nguma anamjia akilini, na maneno yanamwisha. Mkewe alimuuliza kama anaumwa. Alisema ni joto.

Jibu lilikuja Jumatatu kwa faksi. Sista Margaret akalipokea, akawaita wazazi barazani. Matano alisimama nyuma kabisa. Alikuwa ameshaamua: jina la Nguma lisiposomwa, atasema yote mbele za watu. Wamtukane, wamfukuze kazi, liwalo na liwe.

"Nafasi zimeongezeka," alisema Sista. "Wamechukua watoto kumi. Tiketi zimeshakatwa kwa majina na orodha imefungwa, kwa hiyo hakuna kubadilisha."

Kumi! Matano alihesabu upesi kichwani. Nguma yumo. Na Dhahabu, hata kwa njia ya halali, angekuwemo, maana wa tisa yumo ndani ya kumi. Dhambi yote ile aliibeba bure. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Sista alisoma majina bila mpango maalumu. La tatu likawa la Nguma. Kafedha alipiga kigelegele, akapenya katikati ya watu mpaka kwa Matano, akamshika mikono yote miwili.

"Baba Dhahabu! Mwanangu atapona!"

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya viazi, Matano alimtazama usoni. Machozi yakamtoka bila kuyazuia. Alimwambia amsamehe. Kafedha akamuuliza amsamehe nini, naye akasema atamweleza, inshallah, siku yoyote atamweleza. Huku Sista anaendelea kusoma, na wazazi wanaitika mmoja mmoja.

Kisha kusoma kukaisha. Sista alikuwa ameikunja karatasi.

"Sista," Matano akaita, "umeruka jina moja."

"Sikuruka, Baba Dhahabu. Ni kumi, nimeyahesabu." Aliikunjua tena karatasi, akashusha macho hadi chini. "Ila hapa wamekuandikia wewe mwenye jedwali. Wanasema ule mstari wa juu, ambao haukusogea kila walipobonyeza, hawakuuhesabu. Walitambua kwamba ni wa mfano tu."