Onja Kwanza

Ndimu ilimponyoka Déogratias, ikabingirika hadi mlangoni. Akaifuata kwa magoti, kidole kimoja tayari kimefungwa kitambaa.

Huyu ndiye mkubwa wa wabebaji bandarini Kalundu. Akipiga mluzi, magunia yanapanda mashuani. Ndimu hazikuusikia mluzi wake.

Leo Georgette alikuwa anatoka Katogota kuja kumpa jibu: atakubali kukaa naye, au hapana. Déogratias alikuwa ametuma mchungaji, ametuma wanakwaya, ametuma hata samaki. Samaki waliliwa. Jibu lililorudi ni kwamba atakuja, atakunywa kitu ambacho Déogratias mwenyewe amekitengeneza kwa mikono yake, ndipo atasema.

Jirani yake, Sidonie, akachungulia juu ya ua, akamshauri anunue soda ya chupa. Hapa Uvira mgeni anapenda kuona kifuniko kikifunguliwa mbele ya macho yake, kwa hofu ya sumu. Déogratias akamjibu kwamba mtu wa kutia sumu angalau anajua vijiko viko wapi.

Alikuwa ameshachemsha maji, yamepoa. Akakamua. Kichujio hakukiona, akachujia kitenge cha maua ya njano kilichokuwa kinaning'inia nyuma ya mlango. Makopo yalikuwa mengi. La kwanza lilikuwa na maharage, la pili lilikuwa na kitu cheupe, safi. Akakitia kwa mkono wa ukarimu, maana mapenzi hayapimwi kwa kijiko.

Georgette akafika amevaa kama mtu wa misa. Kwa Sidonie, mchi wa kutwangia majani ya sombe ukanyamaza ghafla. Mgeni akakiacha kiti chenye mguu mbovu, akakalia kile kingine, mkoba magotini.

Déogratias akamkaribisha kwa mikono miwili, akamwekea glasi. Georgette hakuigusa.

"Onja kwanza, Bwana Déogratias."

Alikuwa na haki. Mwenye nyumba huonja mbele ya mgeni, ili roho ya mgeni itulie. Akajimiminia, akapiga funda moja la kishujaa.

Chumvi. Ile ya mawe ya kukaushia samaki.

Kuitema haiwezekani: ukitema kinywaji chako mwenyewe, mgeni wako utamwona kisogo. Akameza. Machozi yakamtoka, akasingizia moshi, wakati jiko lilikuwa limezimika tangu asubuhi.

"Iko aje?" Georgette akauliza.

"Iko tamu."

Georgette akainua glasi, akaonja, akaishusha polepole. Akamtazama tu, vile mtu anavyotazama mvua akijiuliza kama aondoke sasa au angoje kidogo.

Déogratias akaona jibu lake limeshafika barabarani.

"Nimedanganya," akasema. "Iko chumvi. Minye napakia mashua nzima, lakini kule jikoni minye ndiye mugeni. Ukinikataa nitakuelewa. Ningekuwa weye, ningejikataa zamani."

Upande wa pili wa ua, mtu akakohoa kuzuia kicheko.

Georgette akasimama. Déogratias akainamisha kichwa, asimwone akitoka. Lakini viatu havikuelekea nje. Vilielekea jikoni. Alipoinua macho, Georgette alikuwa anainama, bila hata kuangalia, chini ya ule mlango mfupi unaogonga paji la kila mgeni. Akasogeza gunia la makala ya jiko, akatoa nyuma yake kopo la bluu. Kisha akachukua kitenge cha maua ya njano, akakikamua, akakifunga kiunoni.

"Sukari iko palepale niliiacha siku nilikukimbia, Papa Vainqueur," akasema. "Kata ndimu zingine. Na Vainqueur na wadogo zake wakiuliza nini kilimrudisha mama yao nyumbani, usithubutu kuwaambia ni hii juisi."