Wembe wa Baba

Mgambo walishafika Ntobeye, wakichukua kila kijana mwenye ndevu kwenda vitani. Audax akachomoa wembe wa baba yake, aliyetangulia huko vitani, akakaa mlangoni penye mwanga. Hakuwahi kunyoa. Shavu la kushoto lilipokwisha kuwa laini kama la mtoto, damu ilikuwa imemfika shingoni.

Mama yake akatokea migombani, akauona wembe. Kwao mwana huushika wembe wa baba siku moja tu, ya msiba wa baba huyo.

“Nani kaleta habari?”

“Hakuna habari, mama.”

Mama alishaanguka chini akipiga yowe, likasikika hadi barabarani.

Wa kwanza kufika alikuwa mgambo, kofia mkononi, kutoa pole. Akalitazama shavu la kulia, lenye ndevu bado. Akavaa kofia.